Mnyonya Damu wa Filamuni na Mnyonya Damu wa Kijijini

Jioni moja ya Septemba 1954, polisi wa Glasgow huko Scotland aliitwa kwenye makaburi ya Southern Necropolis, karibu na mtaa wa Gorbals. Alikuta watoto kwa mamia, wakubwa kwa wadogo, wamebeba visu na vijiti vilivyochongwa ncha. Walikuwa wanamsaka vampaya mwenye urefu wa futi saba na meno ya chuma, ambaye walisema amekwisha kuwaua na kuwala wavulana wawili. Mjini hapakuwa na mtoto aliyeripotiwa kupotea. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaja kuwatawanya, mvua nayo ikamsaidia, lakini usiku uliofuata baadhi yao wakarudi.

Watu wazima hawakuchelewa kumpata wa kulaumiwa. Vitabu vya katuni za kutisha kutoka Marekani vilikuwa vimeenea Uingereza wakati huo, na walimu, makanisa na Wakomunisti, watu wasiokaa meza moja kwa kawaida, walikuwa tayari wanavipiga vita. Kisa cha Gorbals kikawapa silaha. Mwaka 1955 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwakinga watoto na machapisho yenye madhara. Baadaye watafiti walipozipekua katuni zile hawakumwona humo vampaya wa meno ya chuma. Kiumbe mwenye meno hayo walimkuta kwingine: katika shairi la zamani la Kiskoti lililokuwa likifundishwa shuleni, na katika sura ya 7 ya kitabu cha Danieli, ndani ya Biblia ambayo watoto wale walikuwa wakisomewa.

Mjadala wetu wa leo kuhusu vampaya wa filamu na tamthilia unafanana mno na ule wa 1954. Mzazi anamwona binti yake amekesha na The Vampire Diaries kwenye simu, anasikia habari za damu na makaburi, anajiuliza kama mtoto hataharibika. Mchungaji anasema huo ni mlango wa mapepo, ustadhi anasema ni ushirikina. Swali lao ni la haki. Kwa maoni yangu, hata hivyo, hofu hiyo imeelekezwa pasipo pake. Vampaya anayejulikana kuwa ni wa hadithi amewadhuru watu wachache mno. Anayeua ni yule ambaye watu wameacha kumwona kuwa wa hadithi, wakaanza kumtafuta katika mwili wa jirani, wa mgonjwa, wa mgeni. Na kati ya hao wawili yupo wa tatu, mzuri wa sura, anayefundisha mapenzi, ambaye madhara yake hayana kelele na kwa hiyo hayajadiliwi inavyostahili.

Nianze na kesi iliyo ngumu kuliko zote kwa mtu mwenye msimamo wangu. Novemba 1996 kijana wa miaka 16 kutoka Murray, Kentucky, aliwaua wazazi wa msichana rafiki yake katika mji wa Eustis, Florida. Aliongoza kikundi cha vijana waliojiita ukoo wa vampaya, waliokuwa wakinywa damu ya wenzao, na jina lililovuma zaidi katika habari hizo likawa la Vampire: The Masquerade, mchezo wa kuigiza wahusika uliotoka 1991. Alihukumiwa kifo 1998, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Mawakili wake walieleza utoto uliovurugika, madai ya kunyanyaswa na matumizi ya dawa za kulevya. Mchezo ule ule ulikuwa ukichezwa na vijana wengi sana katika nchi nyingi, wakamaliza, wakaenda kulala. Hadithi ya vampaya ilimpa kijana huyu vazi na namna ya kusema, na sidai kwamba vazi ni kitu kidogo kwa mtu anayetafuta sababu ya kujiona yuko juu ya wengine. Lakini mkono ulioua ulikuwa umeandaliwa na mambo ambayo hayauzwi dukani pamoja na mchezo.

Wapo pia, hasa Marekani, watu wazima wanaojitambulisha kuwa vampaya na kunywa kiasi kidogo cha damu ya mtu aliyekubali kuwapa. Watafiti waliokaa nao wamekuta watu wenye kazi na familia za kawaida, ambao wengi wao huogopa kumweleza daktari au mshauri nasaha wasije wakaonekana wendawazimu. Hatari yao kubwa ni ya kiafya, na aibu inaizidisha.

Ili kuelewa kwa nini yule wa kijijini ni hatari zaidi, inabidi kurudi mahali vampaya alipoanzia safari yake ya kimaandishi. Huko hakuwa na koti jeusi wala kasri. Alikuwa mkulima. Mwaka 1718 Austria ilitwaa sehemu ya kaskazini ya Serbia kutoka kwa dola ya Uthmaniya, na maofisa wake wakaanza kuandika mambo ambayo wanakijiji walikuwa wakiyafanya siku nyingi. Mwaka 1725 katika kijiji cha Kisiljevo, baada ya kufa kwa mtu aliyeitwa Petar Blagojević, watu tisa walikufa ndani ya siku nane. Wanakijiji wakamfukua, wakaona damu mdomoni, wakamchoma kigingi moyoni na kumteketeza. Ofisa aliyetumwa alisimama pale akiandika. Mwaka 1732 daktari wa jeshi, Johann Flückinger, alitoa ripoti ndefu juu ya kijiji cha Medveđa, na ndiyo iliyovuka mipaka. Magazeti ya Ulaya yakaichapa, wasomi wakaanza kubishana, na jina la vampaya likaingia katika lugha ambazo hazikuwa nalo.

Maiti wale hawakuwa na la ajabu. Mwili unapooza hujaa gesi ukavimba, majimaji mekundu husukumwa hadi mdomoni na puani, ngozi hunywea hata kucha na nywele zikaonekana zimekua. Paul Barber aliyaeleza hayo kwa kina katika kitabu chake cha 1988. Mwanakijiji wa Serbia hakuwa mjinga. Aliangalia kwa makini alichokiona, akakosa tu maelezo ya kile kilichokuwa kikiwaua watu wake. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa alimwagiza daktari wake, Gerard van Swieten, kulichunguza suala hilo, na kutokana na taarifa yake ikapigwa marufuku kufukua na kuchoma maiti. Amri ya serikali iliweza kuyalinda makaburi, ila hofu ilibaki pale ilipokuwa kwa sababu magonjwa yaliyoizaa hayakuwa yamepata tiba.

Hofu hiyo hiyo ilionekana Marekani, tena katika enzi ya reli na simu. Machi 1892 huko Exeter, Rhode Island, majirani walimshawishi mkulima George Brown akubali makaburi ya familia yake yafunguliwe. Kifua kikuu kilikuwa kimemuua mkewe na binti mkubwa, na mwanawe Edwin alikuwa anakohoa damu. Binti mwingine, Mercy, mwenye miaka 19, alikuwa amekufa Januari ya mwaka ule, na mwili wake ulihifadhiwa na baridi ya msimu. Damu iliyokutwa moyoni mwake ikachukuliwa kuwa ushahidi. Moyo ulichomwa, majivu yakachanganywa na maji, Edwin akanyweshwa kama dawa. Alikufa baada ya miezi miwili hivi. Ilikuwa miaka kumi tangu Robert Koch atangaze kule Berlin kwamba amekigundua kimelea cha kifua kikuu.

Miaka mitano baadaye, 1897, Bram Stoker alichapisha Dracula. Watu wengi hudhani hapo ndipo vampaya alipozaliwa, ingawa yule bwana mwenye cheo na mvuto alikuwa ametangulia: John Polidori, daktari wa mshairi Byron, alimchora katika hadithi iliyotoka 1819, akimpa tabia zilizofanana mno na za bwana wake. Sheridan Le Fanu naye alimleta vampaya wa kike, Carmilla, mwaka 1872. Katika kazi hizo mnyonya damu alihama kaburi la mkulima akaingia sebule ya matajiri. Aliacha kufanana na jirani aliyekufa kwa homa, akafanana na mwenye nyumba anayedai kodi. Karl Marx, aliyeishi London, aliitumia taswira hiyo hiyo kuueleza mtaji unaoishi kwa jasho la wafanyakazi.

Sinema iliongeza mambo yake. Katika Nosferatu ya F. W. Murnau, ya 1922, vampaya anakufa kwa kuguswa na mwanga wa jua. Dracula wa Stoker hutembea mchana. Nguvu zake hupungua tu. Filamu ile ilitengenezwa bila idhini, mjane wa Stoker akashtaki, mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe, na kwa bahati chache zikasalimika. Naomba msomaji aikumbuke habari hii ya jua, maana imewagharimu watu ambao hawakuwahi kuiona filamu yenyewe.

Kisha vampaya akaanza kuhurumiwa. Nadhani hapa ndipo utamaduni huu ulipotoa kazi zake zenye uzito zaidi, na wanaoulaani kwa jumla hawazifahamu. Anne Rice alimpoteza binti yake Michele kwa saratani ya damu mwaka 1972, mtoto akiwa na miaka mitano. Mwaka 1976 akachapisha Interview with the Vampire, riwaya ambayo ndani yake yumo Claudia, mtoto mwenye nywele za dhahabu aliyefanywa vampaya ili asife, na ambaye kwa hiyo hatakua kamwe. Mama yeyote aliyezika mtoto anaweza kuelewa kwa nini kitabu hicho kiliandikwa. Damu iliyokuwa imemsaliti mtoto mmoja hospitalini iligeuzwa kuwa ya kutoa uhai usio na mwisho, na mwandishi akawa mkweli kiasi cha kuonyesha kwamba hata uhai huo ni msiba. Wasomaji wengi waliofiwa walimwona Rice kama mtu aliyewasemea. Faida ya namna hii haipimwi kwa mauzo ya tiketi.

Mauzo yenyewe yalifurika baada ya 2005, Stephenie Meyer alipotoa Twilight. Riwaya nne kuu zilikamilika 2008, filamu tano zikatoka kati ya 2008 na 2012, vitabu vikauzwa kwa zaidi ya nakala milioni 100. True Blood na The Vampire Diaries zikafuata kwenye televisheni. Forks, mji mdogo wa wakata mbao katika jimbo la Washington, ulipokea wageni wapatao 73,000 mwaka 2010, wengi wakiwa wasomaji waliotaka kuiona barabara ya hadithi. Romania inaingiza pesa kwa kasri la Bran, ingawa Stoker hakuwahi kufika huko. Kibiashara hakuna la kulalamikia.

Ninalolalamikia ni mafunzo ya mapenzi. Edward wa Twilight alizaliwa 1901 na amekwama kwenye umbo la miaka 17. Bella, msichana anayempenda, ana miaka 17 ya kweli. Edward anaingia chumbani kwa Bella usiku kumtazama akilala, bila yeye kujua. Katika kitabu cha tatu anaharibu gari la Bella kwa makusudi ili asiende kumwona rafiki yake, kisha anamtumia dada yake amzuilie nyumbani, kwa jina la kumlinda. Katika kitabu cha pili, anapomwacha, msichana anadhoofika kwa miezi na kujitupa hatarini ili asikie sauti yake. Watetezi wa riwaya hiyo wana hoja, nami naikubali: Edward anajizuia, hamlazimishi mwili wake, na msichana msomaji anapata ndoto ya mwanamume mwenye nguvu zote anayechagua kutozitumia. Kwa wasichana waliozoea kupigwa miluzi njiani, ndoto hiyo ni tamu na ina sababu zake.

Lakini kujizuia kulikotukuzwa ni kwa meno tu. Kufuatilia, kuvizia, kuamua mtu aende wapi na amwone nani, yote hayo yamebaki na yakapakwa rangi ya mahaba. Fifty Shades of Grey, iliyotoka 2011, ilianza kama hadithi ya mashabiki wa Twilight, na ndani yake vampaya ametolewa, udhibiti ukabaki. Somo hili lilipofika kwetu lilikuta udongo ulioandaliwa. Ni mara ngapi tumesikia kwenye nyimbo, kwenye vikao vya kina mama na kwa mashoga wa rika moja kwamba wivu ni dalili ya mapenzi? Msichana ambaye mchumba wake anadai nywila ya simu yake, anampigia mara kumi akiwa kwa shangazi yake, anamkataza kuvaa hiki na kusalimiana na yule, ameambiwa na wakubwa wake kwamba huko ndiko kupendwa. Sasa anaambiwa hivyo pia na kijana mzuri kuliko wote kwenye skrini. Sisemi kitabu kimoja kinamwozesha mtu kwa mnyanyasaji. Nasema kinampunguzia maneno ya kuuita unyanyasaji kwa jina lake siku utakapoanza, na mzazi aliyezima simu kwa kuogopa mapepo hakugusa jambo hilo hata kidogo. Afadhali mama akae na binti yake waangalie pamoja, na Edward anapopanda dirishani amuulize: huyu kijana ameomba ruhusa ya nani?

Sasa nirudi kwenye jua. Mwaka 1985 mkemia David Dolphin wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alitoa dhana kwamba huenda vampaya wa zamani walikuwa wagonjwa wa pofiria, kundi la magonjwa ya kurithi ambamo mwili hushindwa kutengeneza vizuri hemu, sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Aina fulani za pofiria huifanya ngozi iumie vibaya kwa mwanga wa jua. Dolphin alidokeza kwamba watu hao huenda walikunywa damu ili kujitibu. Vyombo vya habari viliidaka dhana hiyo kwa furaha, na wagonjwa wakaanza kuishi na jina jipya. Mtafiti Norine Dresser alieleza katika kitabu chake cha 1989 jinsi walivyoumizwa: watoto wao kudhihakiwa, watu kuwaogopa, wao wenyewe kujificha.

Dhana yenyewe haikusimama. Damu inayonywewa humeng'enywa tumboni na haiwezi kumtibu mgonjwa huyo. Na wafu wa Kisiljevo na Medveđa hawakusemwa kuunguzwa na jua. Hilo lilitoka kwenye filamu ya Murnau. Kwa maneno mengine, wagonjwa walio hai walibandikwa jina la zimwi kwa kulinganishwa na jambo lililobuniwa studio mwaka 1922. Mfano huu unaniuma kuliko hata ule wa Florida, kwa sababu hapa hapakuwa na kijana aliyechanganyikiwa. Walikuwapo msomi mwenye heshima, wahariri wenye elimu, na wasomaji waliopenda kufumbuliwa fumbo, na aliyelipa ni mtu aliyekuwa tayari anaumwa. Biashara ya urembo nayo imeng'ang'ania jina hilo. Ile huduma ya kuchukua damu ya mteja, kutenga utegili wake na kuurudisha usoni kwa sindano, inaitwa ya vampaya ili ivutie. Mwaka 2024 mamlaka ya afya ya Marekani ilitoa taarifa kuhusu kituo kimoja cha urembo cha New Mexico, kilichofungwa 2018, ambako wateja kadhaa waliambukizwa virusi vya UKIMWI kwa vifaa visivyo salama.

Afrika Mashariki hatukumngojea Stoker. Mumiani alikuwa akitajwa pwani tangu zamani, kwanza kama dawa nyeusi iliyoletwa kutoka ng'ambo, kisha kama mtu anayekinga damu za watu ili kuitengeneza dawa hiyo. Enzi ya ukoloni alipata sare na magari. Kuanzia miaka ya 1920, Nairobi, Kampala na kwingineko, ilisemwa kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku na kuwatoa damu kwa niaba ya Wazungu, na kwamba ndani ya vituo vyao mna mashimo ya kuwafungia. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000, akazichukulia kama ushahidi wa namna watu walivyouelewa utawala uliowatoza kodi, uliowapeleka kazini kwa nguvu na uliowachoma sindano bila kuwaeleza. Madaktari wa kikoloni walichukua damu kweli, kwa ajili ya kupima malale na malaria. Aliyetolewa damu na asipewe jibu ana haki ya kushuku.

Baada ya uhuru taswira hiyo iliingia jukwaani. Nchini Tanzania chama cha TANU kilizungumza juu ya kupe, wanyonyaji na mirija inayopaswa kukatwa, na wachoraji wa magazeti wakamchora tajiri mwenye tumbo akinyonya. Lugha hiyo ilieleza ukweli mkubwa kuhusu nani analima na nani anashiba. Mwanahistoria James Brennan, aliyeandika juu ya siasa za Dar es Salaam ya wakati huo, ameonyesha pia jinsi maneno ya damu yalivyoelekezwa kwa watu wa asili ya Asia kama jamii nzima. Naupenda urithi wa Azimio la Arusha, na kwa sababu naupenda naona ni muhimu kusema kwamba unyonyaji ni mfumo, na kila unapopewa sura ya kabila au rangi fulani, mfumo hupona na majirani huumia.

Tarehe 1 Oktoba 2016 watafiti wawili na dereva wao kutoka taasisi ya utafiti wa kilimo ya Selian, Arusha, walikuwa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Kazi yao ilikuwa kuchukua sampuli za udongo. Mwanamke mmoja akapiga yowe kwamba wanyonya damu wamefika, tangazo likasikika kwa kipaza sauti, wanakijiji wakakusanyika na silaha za jadi. Watatu hao waliuawa na kuchomwa moto pamoja na gari lao. Udongo waliokuja kuuchukua ulikuwa wa kuwasaidia wakulima kama wale wale waliowaua.

Malawi, mwaka uliofuata, ilipitia hali hiyo kwa wiki kadhaa. Uvumi wa wanyonya damu ulienea katika wilaya za kusini, marufuku ya kutoka usiku ikatangazwa, Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka Mulanje na Phalombe, na watu kadhaa wakauawa na makundi. Polisi walisema mmoja wa waliouawa karibu na Blantyre alikuwa kijana mwenye kifafa. Tena mgonjwa. Kutoka Exeter hadi Blantyre, mwenye mwili usioeleweka ndiye wa kwanza kuulizwa. Na tusidhani njaa haihusiki: mwishoni mwa 2002, Malawi ikiwa na upungufu mkubwa wa chakula, Rais Bakili Muluzi alilazimika kukanusha hadharani uvumi kwamba serikali inabadilishana damu ya wananchi kwa msaada wa chakula. Mtu anayeona magari ya wageni yakiingia na kutoka huku ghala lake ni tupu anajaribu kufanya hesabu, na hesabu ikikosa tarakimu huja na damu.

Wakati mwingine vampaya wa filamu na mumiani hukutana. Mwaka 2021 polisi wa upelelezi wa Kenya walimkamata kijana wa miaka 20 waliyedai amekiri kuwaua watoto kadhaa, wakamtangaza kwa umma kuwa ni vampaya mwenye kiu ya damu. Miezi mitatu baadaye alitoroka mahabusu Nairobi na kuuawa na wananchi huko Bungoma kabla ya kesi yake kumalizika. Wazazi wa watoto wale walistahili kesi. Walistahili kusikia mahakamani watoto wao walichukuliwaje na nani alizembea. Taarifa ya polisi iliyoandikwa kama tangazo la sinema iliwapa zimwi, na zimwi halipandishwi kizimbani.

Ndiyo maana sitaki filamu hizi zifungiwe. Mahali ambapo hofu ya damu imepewa hadithi nzuri, watu hupata pa kuitazama bila kumshika mtu koo. Aprili 2025 Ryan Coogler alitoa Sinners, filamu ya vampaya iliyowekwa Mississippi ya 1932, enzi ya ubaguzi, ambamo wanyonya damu wanabisha hodi kwenye ukumbi wa dansi wa Wamarekani weusi wakitaka kukaribishwa, na wanachokitamani zaidi ni muziki wa kijana mpiga gitaa. Mtazamaji anatoka amefikiri juu ya wizi uliofanyika kweli, wa kazi na wa sanaa, na hakuna jirani aliyetiwa kiberiti. Tanzania nayo imewahi kujaribu: Mussa Banzi, miaka ya mwanzoni ya 2000, alitengeneza filamu za kutisha kama Nsyuka na Shumileta ambazo watu walizijadili mabarazani.

Mumiani, pamoja na historia yake yote ya wazimamoto na sindano, anastahili mwandishi wa kiwango cha Coogler. Ningetamani riwaya ya Kiswahili inayoanzia ndani ya gari la watafiti, dereva akilalamikia barabara, mifuko ya udongo ikiwa nyuma, halafu ihamie kwa mwanamke anayeliona gari hilo likisimama karibu na nyumba yake, na kutueleza kwa heshima ile ile ni mambo gani ya miaka mingi yaliyomfanya apige yowe. Ichapishwe kwa bei ambayo shule ya kata inaweza kulipa, na isomwe redioni, sura kwa sura, saa za jioni, Dodoma yote iweze kuisikia.